Alama Zilizogawanywa Kabla ya Mtihani



Wakenya waliosimama kwenye mlolongo mwaka 1988 hawahitaji kufundishwa maana ya matokeo yanayotangulia kura. Katika uteuzi ule wananchi walipanga foleni nyuma ya wawakilishi wa wagombea, wakahesabiwa mchana kweupe, na bado katika sehemu nyingi mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Aliyetajwa kupata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na mlango wa uchaguzi wenyewe ukafungwa kabla haujafunguliwa. Viongozi wa makanisa walikuwa wamekwisha kuonya tangu mwaka 1986 kwamba utaratibu ule haukufaa. Lililowauma wananchi halikuwa kushindwa, maana katika kila shindano yuko ashindwaye. Lililowauma ni kuona jasho lao likihesabiwa na mtu ambaye jibu tayari alikuwa nalo mfukoni.

Kwa jicho hilo hilo twataka leo kutazama jambo linalotendeka mbali na sanduku la kura, ndani ya madarasa ya vyuo vya sheria vya Marekani, na hasa vile vinavyohesabiwa kuwa vya ngazi ya chini. Huko pia watu hupanga foleni kwa imani njema. Huko pia matokeo, kwa sehemu kubwa, huwa yamekwisha kupangwa. Na wanaoumia zaidi ni wale wale tunaowafahamu: watoto wa watu wasio na kitu, waliokopa ili wainuke.

Msomaji atauliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa kuwa taifa lisilo na mawakili waliofunzwa kwa haki ni taifa lisilo na mlinzi siku mnyonge atakapoburutwa kizimbani. Yatuhusu pia kwa kuwa hila ya namna hii haihitaji pasi ya kusafiria. Leo iko kwao. Kesho yaweza kubisha hodi kwetu ikiwa imevaa joho la kitaaluma.

MGAWO WA LAZIMA NI NINI?

Katika vyuo vingi vya sheria vya Marekani mwalimu hana uhuru wa kumpa kila mwanafunzi alama anayoistahili. Chuo humwekea mgawo. Humwambia kwamba wastani wa darasa lote usipite kiwango fulani, au kwamba watakaopata A wasizidi sehemu fulani ya darasa, na kwamba sehemu nyingine lazima ipate C au chini yake. Wao huuita mkunjo, kwa kuwa ukichorwa kwenye karatasi hutokea umbo la nundu: wachache pembeni huku, wachache pembeni kule, na umati katikati. Huo ndio utaratibu, na mwaka wa kwanza ndipo unapobana kuliko miaka mingine.

Tuelewane vizuri. Alama hizo huhesabiwa kwa tarakimu: A ni 4, B ni 3, C ni 2, na kuanguka ni sufuri. Katika masomo mengi ya mwaka wa kwanza mtihani ni mmoja tu mwishoni mwa muhula, na karatasi husahihishwa kwa namba bila jina la mwanafunzi. Kutotajwa kwa jina ni jambo jema, na twalisifu. Lakini msahihishaji akimaliza kusoma hana budi kuzipanga karatasi kuanzia iliyo bora hadi iliyo dhaifu, kisha akate mafungu kama alivyoamriwa. Darasa zima likiandika vizuri, bado C lazima zipatikane. Darasa zima likiandika ovyo, bado A lazima zitolewe. Alama haisemi mwanafunzi anajua nini. Yasema tu amesimama nyuma ya nani.

Hapo ndipo uovu unapoanzia. Mkulima apelekaye maziwa kwenye chama cha ushirika hupimiwa lita zake. Akipeleka lita kumi, ameleta kumi, hata kama jirani zake wote wameleta ishirini. Je, mkulima huyo angesema nini kama karani angemwambia kwamba kwa kuwa wengine wameleta zaidi, zake zitaandikwa lita nne? Angeita mkutano wa wanachama siku hiyo hiyo. Lakini jambo ambalo mkulima asingelikubali kwenye ndoo ya maziwa, vijana wenye shahada hulazimishwa kulikubali juu ya maisha yao.

WALIO JUU HULEGEZEWA, WALIO CHINI HUKAZIWA

Kama mgawo huu ungekuwa mmoja kwa vyuo vyote, pengine tungesema ni desturi ngumu iliyo sawa kwa kila mtu. La hasha. Yale, chuo chenye sifa kubwa kuliko vyote, kiliacha alama za kawaida za herufi tangu miaka ya 1960. Stanford na Harvard viliamua kufuata njia hiyo mwaka 2008. Huko mwanafunzi hupewa sifa ya juu au hupita tu, na kuanguka ni nadra. Katika vyuo vingine vikubwa wastani wa darasa huzunguka B au zaidi. Lakini ukishuka ngazi, kamba hukazwa. Katika vyuo vinavyopokea wanafunzi ambao milango mingine imewafungia, wastani wa mwaka wa kwanza mara nyingi huwekwa kwenye C yenye nyongeza au B iliyopunguzwa.

Tazama basi matokeo yake. Kijana wa chuo kikubwa aliye katikati ya darasa lake hutoka na karatasi nzuri. Kijana wa chuo kidogo aliye katikati ya darasa lake, hata kama amejibu swali la mikataba sawasawa na mwenzake, hutoka na karatasi inayotia aibu. Wote wawili watapeleka karatasi zao kwa mwajiri mmoja. Mwajiri mwenye shughuli nyingi hatauliza mgawo wa kila chuo ulikuwaje. Ataona B upande huu na C upande ule. Mwenye nacho anaongezewa, na asiye nacho ananyang'anywa hata kile kidogo.

Na kwamba alama hizo ni za kutungwa hatulazimiki kulithibitisha sisi. Vyuo vyenyewe vimelithibitisha. Mwaka 2010 chuo cha sheria cha Loyola mjini Los Angeles kiliongeza theluthi ya alama kwenye kila daraja lililokuwa limetolewa miaka ya nyuma, ili wahitimu wake wasionekane dhaifu mbele ya waajiri wakati kazi zilikuwa haba. Hakikuwa peke yake. Katika miaka ile, vyuo kama New York University, Georgetown, Tulane na Golden Gate vilikuwa vimelegeza taratibu zao za alama. Hebu tujiulize. Mwanafunzi aliyelala usiku na C yenye nyongeza na kuamka asubuhi na B iliyopunguzwa, alijifunza nini usiku ule? Hakufungua kitabu. Hakuandika hata mstari mmoja. Ni kalamu ya ofisi iliyotembea. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kwa kalamu ya ofisi chaweza kuundwa upya wakati wowote ofisi ipendapo.

UFADHILI ULIO MTEGO

Sasa tufike kwenye kiini cha dhuluma yenyewe, maana hadi hapa mtu aweza kusema kwamba alama ni alama tu, na maisha huendelea.

Vyuo vya ngazi ya chini hushindana kwa ajili ya wanafunzi waliofanya vyema kidogo katika mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria. Sababu yajulikana. Gazeti la U.S. News & World Report huchapisha kila mwaka orodha ya ngazi za vyuo, na alama za wanafunzi wanaoingia ni miongoni mwa mambo yanayohesabiwa. Chuo kinachotaka kupanda ngazi hununua alama hizo kwa kutoa ufadhili. Kijana hupokea barua nzuri: hongera, tumekupunguzia karo nusu kwa miaka mitatu, mradi tu udumishe wastani wa 3.0. Kijana aliyezoea kupata alama za juu kuliko hizo tangu shule ya upili husoma sharti hilo na kutabasamu. Hajui bado kwamba katika nyumba anayoingia, 3.0 imehesabiwa kama viti vya matatu.

Tufanye hesabu ya mfano, ambayo kila msomaji aweza kuifanya kwa kalamu yake. Chuo kimepokea wanafunzi 100. Kimewapa 60 ufadhili wa nusu karo kwa sharti la 3.0. Lakini mgawo wa chuo hicho hicho unasema kwamba wasizidi 35 watakaofikia 3.0. Hata viti vyote 35 vikienda kwa wenye ufadhili, na wote 60 wakikesha na vitabu, 25 kati yao lazima wapoteze. Lazima! Maombi hayatawaokoa, wala bidii, wala akili. Kama karo ni dola 40,000 kwa mwaka, kila mmoja wa hao 25 atadaiwa dola 20,000 zaidi kwa mwaka wa pili, na nyingine 20,000 kwa mwaka wa tatu. Zidisha, ndugu msomaji. Ni dola 1,000,000 zitakazorudi kwenye mfuko wa chuo kutoka kundi moja tu la wanafunzi, na barua ya hongera haikusema neno juu yake.

Je, kijana huyo aweza kuondoka? Aende wapi? Amekwisha kukopa kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Alama zake, ambazo mgawo umezishusha, hazitamfungulia mlango wa chuo kingine. Akiacha, atakuwa na deni bila shahada. Akibaki, atakuwa na deni kubwa zaidi na matumaini madogo zaidi. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Jambo hili lilipoandikwa magazetini mwaka 2011, watu wengi walishtuka. Mwaka 2012 Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho ndicho kinachotoa ithibati kwa vyuo vya sheria, kiliamuru kila chuo kitangaze kwa umma idadi ya waliopewa ufadhili wenye masharti na idadi ya waliopunguziwa au kunyang'anywa. Ni hatua njema, na twaipongeza. Lakini angalieni kilichofanyika: mtego haukuondolewa, ulibandikwa kibao kinachosema idadi ya walionaswa mwaka jana. Vyuo vingine viliona haya na kuacha desturi hiyo. Vile ambavyo havikuona haya viliendelea, vikisema kwamba sasa kila mtu ameonywa.

HOJA YA WATETEZI

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wako watu waaminifu wanaoutetea mgawo huu, na yafaa tuwasikilize.

Wasema kwanza kwamba bila mgawo walimu wangetoa alama kwa upendeleo, mmoja akiwa mkarimu na mwingine akiwa mkali, na mwanafunzi angeponzwa na bahati ya kupangiwa mwalimu. Hili lina ukweli ndani yake. Mahali ambapo mkondo mmoja wa darasa una mwalimu mpole na mkondo wa pili una mwalimu mkali, haki yahitaji kusawazishwa. Lakini dawa ya mizani mbili zisizolingana ni kuzilinganisha zote na jiwe moja la kweli. Walimu wakae pamoja, wakubaliane jibu lipi linatosha na jibu lipi halitoshi, na wasahihishiane karatasi. Kuamuru kwamba kila mizani isome uzito ule ule, chochote kitakachowekwa juu yake, ni kuiua mizani.

Wasema pili, na hoja hii ndiyo nzito zaidi, kwamba chuo kinachopokea wanafunzi dhaifu hakina budi kuwa kikali. Baada ya miaka mitatu wanafunzi watakutana na mtihani wa uwakili wa jimbo lao, na mtihani huo hauna huruma. Heri mwanafunzi aambiwe ukweli kwa C ya mwaka wa kwanza kuliko kudanganywa kwa B hadi siku ya mwisho.

Twakubali kwamba ukweli ni wajibu. Hatuombi alama za bure. Mteja maskini ambaye shamba lake li hatarini anastahili wakili anayeijua sheria, na hatutamtoa mteja huyo kafara ili mwanafunzi afurahi. Lakini C ya mgawo haisemi ukweli huo. Mtihani wa uwakili una mstari uliowekwa na jimbo. Haumwambii mtahini kwamba watu kadhaa lazima waanguke, wala kwamba kadhaa lazima wapite. Wote wakivuka mstari, wote wamevuka. Mgawo ni kinyume chake. Katika darasa lenye uwezo, C yaweza kwenda kwa mtu atakayevuka mstari bila shida. Katika darasa dhaifu, A yaweza kwenda kwa mtu atakayezama. Wa kwanza ameonywa bure, na wa pili amesifiwa hadi kwenye shimo. Basi, mlinzi wa viwango yuko wapi hapo?

Tena, kama chuo kinajua kwamba mwanafunzi fulani hana uwezo wa kumaliza, kwa nini kilimpokea na kuchukua karo yake? Kanuni za Chama cha Mawakili zenyewe zinakataza kumpokea mtu asiyeonekana kuwa na uwezo wa kumaliza masomo na kuingia katika uwakili. Ukali unaoanza baada ya karo kulipwa haustahili kuitwa ukali wa kitaaluma. Ni ukali wa mwenye hoteli anayempokea msafiri usiku, akachukua fedha, kisha alfajiri akamwambia kwamba mavazi yake hayafai kwa nyumba kama hii.

NANI ANAYEFAIDI?

Penye dhuluma, uliza fedha zimekwenda wapi. Kuanzia mwaka 2006 serikali ya Marekani iliruhusu wanafunzi wa shahada za juu kukopa hadi gharama yote ya masomo na maisha, bila kikomo kingine. Chuo kilipokea fedha mara moja. Mwanafunzi alibaki na deni kwa miongo. Hivyo kila kiti kilichojazwa kilikuwa fedha taslimu, na hatari yote ilibebwa na aliyekikalia. Sheria iliyopitishwa Julai 2025 iliamua kuufunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026, na kuweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka kwa masomo ya taaluma kama sheria. Ilichukua karibu miaka 20 kuona kile ambacho mama muuza mboga angekiona kwa siku moja: anayeuza bila kubeba hasara hajali ubora wa bidhaa.

Mwaka 2010 wanafunzi zaidi ya 52,000 waliingia mwaka wa kwanza wa vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa. Vijana walipoanza kusikia habari za madeni na ukosefu wa kazi, idadi hiyo ilishuka hadi karibu 37,000 kufikia mwaka 2016. Vyuo vya chini vilijikuta na viti vitupu. Baadhi vilipunguza ukubwa kwa heshima. Vingine vilishusha masharti ya kuingia na kuendelea kukusanya karo. Mtihani wa Julai 2014 ulipoonyesha kushuka kwa wastani wa taifa katika sehemu ya maswali ya kuchagua, kutoka 144.3 mwaka uliotangulia hadi 141.5, wakuu wa vyuo waliulaumu mtihani, na wenye mtihani wakasema kwamba watahiniwa walikuwa na uwezo mdogo kuliko wenzao wa mwaka uliotangulia. Wazee walipokuwa wakirushiana lawama, waliokuwa na deni ni vijana.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa vyuo vitatu vilivyokuwa chini ya kampuni moja iitwayo InfiLaw, mali ya wawekezaji wa Chicago, vilivyoendeshwa ili kupata faida: Charlotte, Arizona Summit na Florida Coastal. Novemba 2016 Chama cha Mawakili kiliiweka Charlotte chini ya uangalizi kwa sababu ya namna ilivyopokea wanafunzi na matokeo yao katika mtihani wa uwakili. Desemba mwaka huo serikali iliikatia mikopo, ikisema kwamba ilikuwa imewapotosha wanafunzi. Agosti 2017 ilifungwa. Arizona Summit ilipoteza ithibati mwaka 2018, na Florida Coastal ikafikia mwisho wake mwaka 2021. Makovu yalibaki kwa waliosomea humo, wengi wao watu ambao hawakuwa na mlango mwingine.

Ni kweli kwamba marekebisho yamekuja. Tangu mwaka 2019 chuo kinatakiwa kuonyesha kwamba angalau asilimia 75 ya wahitimu wake waliofanya mtihani wa uwakili wameupita ndani ya miaka miwili. Lakini hata kanuni hii njema ina mlango wa nyuma: chuo kikiwafukuza wanafunzi wengi baada ya mwaka wa kwanza, asilimia yake itapendeza. Ndiyo maana kanuni nyingine husema kwamba chuo kinachopoteza zaidi ya asilimia 20 ya wanafunzi wake, bila kuhesabu waliohamia vyuo vingine, hudhaniwa kimekosea hadi kijitetee. Waliotunga kanuni hiyo walijua wazi kwamba mgawo waweza kugeuzwa ungo: karo ya chenga huwekwa mfukoni, na chenga zenyewe hutupwa kabla mgeni hajafika kukagua.

NA SISI JE?

Hapa kwetu mtihani wa uwakili husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, chini ya sheria ya mwaka 2012, na mafunzo yake hutolewa na Kenya School of Law, chuo kilichoanzishwa mwaka 1963. Alama ya kupita kila somo ni asilimia 50. Kwa umbo lake, huo ni mstari, si mgawo, na kwa hilo tunao msingi bora kuliko wenzetu. Lakini malalamiko hayajakoma kwa miaka mingi, kuhusu wingi wa wanaoanguka na kuhusu ada za kusahihishiwa upya na kurudia. Hatusemi kwamba kila aliyeanguka alionewa. Twasema kwamba taasisi inayopokea fedha kila mara mtu anapoanguka inawajibika, kuliko nyingine yoyote, kuonyesha mizani yake hadharani.

Kumbukeni pia mwaka 2016, wakati ambapo kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000 wa kidato cha nne ni 141 tu waliopata A, hali mwaka uliotangulia walikuwa zaidi ya 2,000. Wengine walisema ni wizi wa mitihani uliokomeshwa. Wengine walisema ni alama zilizoacha kusawazishwa. Wazazi walibaki wakibishana kanisani na sokoni, kwa sababu njia ya kutoka alama ghafi hadi daraja haikuwa imewekwa mezani ili kila mtu aione. Palipo na giza, hata haki hufanana na wizi.

TUNADAI

Kwa hiyo twasema haya, kwa wakuu wa vyuo wa huko na kwa walezi wa elimu ya sheria wa hapa.

Kwanza, mwanafunzi apimwe kwa kile anachokijua, mbele ya mstari uliotangazwa kabla ya mtihani, wala asipimwe kwa idadi ya nafasi zilizobaki.

Pili, ufadhili usiwekewe sharti ambalo chuo chenyewe kimeamua kwamba wengi hawataweza kulitimiza. Ahadi ya miaka mitatu iwe ya miaka mitatu.

Tatu, chuo kinachompokea mwanafunzi na kumfukuza baada ya mwaka mmoja kwa udhaifu uliojulikana tangu siku ya kwanza, kimrudishie sehemu ya karo yake. Atakayebeba hasara atajifunza kuchagua kwa uaminifu.

Nne, kila aliyeanguka awe na haki ya kuiona karatasi yake pamoja na jibu lililotarajiwa, kwa ada isiyozidi gharama ya kuitoa kabatini.

Nanyi, ndugu na dada wa makanisani, msidhani kwamba kazi hii ni ya wasomi peke yao. Ninyi ndio mnaochanga katika harambee ili kijana wa kijiji aende chuoni. Kabla hamjatoa shilingi ya kwanza, iombeni barua ya chuo na kuisoma kwa sauti mbele ya kamati. Ulizeni: wangapi walipewa ahadi hii mwaka jana, na wangapi waliibakiza? Wangapi waliingia, na wangapi walivuka mtihani wa uwakili? Chuo kinachojibu kwa tarakimu kistahili mchango wenu. Kinachojibu kwa picha za majengo mapya, mkiage kwa adabu.

Maandiko Matakatifu yanamkataza mfanyabiashara kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Nyumba inayofundisha sheria ina deni kubwa zaidi kwa amri hiyo kuliko duka la sukari. Kwani wanafunzi wake ndio watakaoketi kesho kwenye kiti cha hakimu, wakiwa wameishika mizani ile ile waliyopimiwa.